Sauti Waliyoitaka Haikuwa Yangu

Kendi,

Saa hii uko kanisani na kwaya inakuaga, na mimi nimewaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimekaa kwenye kiti cha barazani, jua la saa kumi na moja liko miguuni mwangu, na upepo ukivuma huku mtaani kwetu Kiwanjani unaniletea vigelegele vyenu nusu nusu. Nimevihesabu mpaka nimejionea haya. Nimetengeneza vipindi vya redio katika kile chumba nyuma ya kanisa tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa, na sikumbuki siku ambayo mtu alinipigia kigelegele hata kimoja. Unaona? Barua haijafika aya ya pili na wivu umeshaingia. Basi niuache uingie, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mambo ya safari sitakuandikia. Mama yako atafika kesho asubuhi kutoka Oldonyiro, na unamjua, muuguzi akifunga mizigo ya mtu hakuna kinachosahauliwa. Atakuambia dawa ziko wapi, soksi ngapi, na karatasi zipi usizitoe mkononi. Uhispania mimi sijafika. Sina la kukufundisha juu ya baridi ya huko wala chakula cha huko. Ninachokijua vizuri ni kosa nililokutendea. Wewe hulijui, na nataka ulijue kabla hujapanda gari.

Wewe umeikuta redio nyumbani kama mtu anavyokuta meza, kwa hiyo sidhani nimewahi kukueleza niliingiaje. Nilikuwa nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Jumapili moja akaja mgeni kanisani, akatueleza habari za watu wa kaskazini ya Afrika, wanaoongea Kiarabu na wale wa milimani wanaoongea lugha ambayo wageni huiita Kiberberi na wenyewe huiita Tamazight. Alisema huko mtu akitaka kusikia habari za Yesu hana kanisa la kuingia, lakini redio inaingia jikoni kwake bila kubisha hodi. Wanatafutwa watu wa kutayarisha vipindi, popote walipo. Nikanyoosha mkono. Sikujua hata herufi moja ya Kiarabu. Nilijua tu kwamba nina sauti nzuri, na kwamba ilikuwa inapotelea kwa watoto wa darasa la tano.

Nilijifunza kwa kitabu chenye jalada la kijani, miaka na miaka. Herufi za kooni nilifundishwa na jirani yetu Maalim Galgalo, yule aliyesomea Sudan na sasa anauza vipuri vya pikipiki. Alijua ninaitakia nini. "Mimi nakupa lugha tu, Mwalimu," alisema. "Hayo mengine utamjibu Mungu mwenyewe." Kila jioni nilimwendea na salaam aleikum yangu na daftari langu, na siku moja akaniambia, "Kiarabu yako sasa ni safi. Ni ya kitabu kabisa." Halafu akacheka. "Lakini nani anaongea na bibi yake hivyo?" Ile sifa niliibeba mpaka nyumbani. Swali lake nililiacha pale dukani.

Miaka hiyo hiyo Mariam akaja kupanga chumba cha mwisho kwenye ploti yetu. Wewe unamjua kama mtu aliyekulea. Acha nikuambie nilivyomwona mimi. Alikuwa amekimbia vita vya milima ya Nuba huko Sudan, amefika Isiolo na pasi ya makaa na mabunda mawili ya nguo. Nyanya yake alikuwa Mkristo kabla ya nyanya yangu. Kiarabu kwake hakikuwa kitabu. Ndicho alichotumia kununua vitunguu, kuomba na kugombana. Mama yako alipohamishiwa zahanati ya Oldonyiro, ulikuwa na miaka mitatu, na Mariam akasema, "Wacha mtoto akae na mimi mchana." Basi mimi nikawa mezani na kitabu changu cha kijani, na wewe ukawa mlangoni kwa Mariam, unalishwa uji kwa Kiarabu.

Ulikuwa na miaka mitano siku niliposhika mkate nikakuambia, kwa kiburi cha mwanafunzi, "Khubz." Ukacheka mpaka chai ikakumwagikia. "Baba, mkate ni eesh!" Nikakuletea kitabu nikakuonyesha neno. Uliangalia kitabu, ukamwangalia Mariam aliyekuwa anapiga pasi hapo nje, ukaamini Mariam. Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipobaki peke yangu nililitafuta lile neno tena kitabuni, nikaliwekea mstari chini kwa kalamu nyekundu. Mtu mzima, mwalimu, nashindana na mtoto ambaye meno hayajang'oka.

Nasema haya ili ujue kwamba kosa langu halikuanza juzi.

Mwaka uliomaliza kidato cha nne vumbi lilinikamata koo. Sauti ikaenda wiki tatu. Vipindi vilikuwa vinangojwa, na hakukuwa na mtu mwingine, kwa sababu Mariam alikuwa anaiogopa maikrofoni kama nyoka. Nikakupa karatasi zangu nikakuambia soma tu, usiongeze kitu. Wiki ya kwanza ulisoma. Wiki ya pili nilikuwa nje ya kile kioo kidogo, kwenye mashine, na wewe ndani kati ya yale magodoro tuliyoyapigilia ukutani. Muadhini akaanza, tukasimama tukamngoja amalize kama kawaida yetu, kwa heshima, na pia kwa sababu maikrofoni haina dini, inameza kila kitu. Alipomaliza nikakuonyesha kidole uendelee. Wewe ukageuza karatasi zangu juu chini. Ukasema kwa Kiarabu, pole pole:

"Hii lugha mimi nilipewa na mama aliyenilea. Si ya kwetu. Labda wewe pia si ya kwenu. Basi twende pole pole, na mmoja akikosea, mwingine asimcheke."

Sijui kama unakumbuka. Mimi nayakumbuka maneno yale kama mtu anavyokumbuka kofi. Miaka yote nilikuwa nawatangazia watu wa milimani Kiarabu cha hali ya juu, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kwao nacho ni lugha ya kukutana nayo ukubwani. Na mahali ninapoishi ni Isiolo! Nenda soko la mifugo, Mborana na Mturkana na Msomali na Mmeru wanapatana bei ya mbuzi kwa Kiswahili ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekinyonya kwa mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa nawasahihishia watoto wao Kiswahili hicho kwa wino mwekundu. Wewe ulikisikia kikisemwa, ukakielewa, ukakipeleka mpaka redioni. Kioo kilikuwa kati yetu. Nilikupungia mkono kwamba umefanya vizuri, kisha nikainamia mashine nisikutazame.

Jumbe zikaanza kuja. Simu ya studio nilikuwa naishika mimi, unakumbuka. Nilisema ni kwa ajili ya usalama wa wasikilizaji, na ni kweli, kuna wanaosikiliza kwa kujificha. Lakini kuanzia wiki ile niliishika kwa sababu nyingine. Walikuwa wanauliza, yule binti ni nani? Atarudi lini? Mmoja alikuwa mwanamke wa milima ya Moroko aliyejiita Mama Idir. Alituma sauti yake, na nyuma yake jogoo na sufuria zinagongana. Alisema hivi, nami nakuwekea kwa Kiswahili jinsi ninavyokumbuka:

"Binti, Kiarabu nilifundishwa na shida. Hospitali, ofisi, soko. Hakuna mtu amewahi kuniimbia kwa Kiarabu. Chako si kama cha huku kwetu, maneno mengine yananipita, lakini unaongea kama mtu anayeniona. Yule ustadhi anaongea vizuri sana. Nikimsikiliza nakaa wima kama niko mbele ya hakimu. Wewe nakusikiliza nikikanda unga."

Niliusikiliza mara tatu. Kisha nikaufuta.

Wiki ya nne sauti yangu ilirudi, ingawa bado inakwaruza, na nikachukua maikrofoni yangu. Nilikuambia umefanya kazi nzuri, sasa pumzika. Ukasema, "Sawa, Baba," ukanichemshia tangawizi. Mama Idir akauliza binti yuko wapi. Nikamjibu kwamba yuko masomoni. Akaomba kitu kimoja tu: kwamba siku utakaporudi, uwasalimu watu wake kwa lugha yake, neno moja, azul, kwa sababu hajawahi kusikia redio inayosema habari za Mungu ikianza kwa salamu ya nyumbani kwake.

Kendi, nililichukua ombi lile nikalifanya mimi. Siku mbili nilijizoeza lile neno mbele ya kioo cha kunyolea. Nikafungua kipindi nalo. Jibu lake lilifika baada ya siku chache. "Asante, ustadhi. Umelisema vizuri. Lakini nilimwomba yule binti." Nikafuta na huo. Hakutuma tena.

Hilo ni kosa la kwanza. Ningeweza kukuambia nilikuwa na sababu, na nilikuwa nazo. Nilijiambia wewe bado mdogo, hujasoma theolojia, ukisema kitu kisicho sawa nani atajibu? Nilijiambia nalinda mafundisho. Wivu wa mtu asiyesali ni rahisi kuuona. Wangu ulikuwa umevaa kanzu ya ibada.

La pili ni hili. Mwaka uliopita ilikuja barua pepe ya Bwana Yunus, anayerusha vipindi vyetu kutoka Uhispania, yule yule utakayemkuta huko. Aliandika kwamba wanawake wa milimani wamemwuliza sana habari za binti wa Kenya aliyesoma wiki tatu. Walikuwa wanaanzisha vipindi vya Kiarabu chepesi na Tamazight pamoja, na alitaka uende ufundishwe kazi, ukae na wenye lugha hiyo. Aliomba ruhusa yangu kwanza kama mzazi. Nilisoma barua ile mara nyingi nikitafuta jina langu. Lilikuwepo mara moja tu, pale juu, "Mpendwa Mwalimu."

Wiki nzima sikujibu. Katika wiki hiyo hiyo wewe ulikuja na fomu ya chuo cha Meru, kozi ya ugavi ambayo hukuitaka, ukaniuliza, "Baba, nijaze tu? Maana sioni kingine." Nikakuambia jaza. Kisha nikaingia studio nikamwandikia Bwana Yunus: Binti yangu ameolewa, ameacha kazi hii.

Nimeandika sentensi hiyo hapa tena ili uione kwa macho yako.

Unajua vile uongo unavyopenda kusafiri. Mwezi uliofuata nilikwenda Oldonyiro kumwona mama yako, na simu ya studio nikaisahau mezani. Bwana Yunus akapiga, kukupongeza kwa ndoa na kuuliza kama tuna mtu mwingine. Mariam alikuwa ndani ya studio anasikiliza vipindi kabla ya kutumwa, kazi yake ya kila wiki. Akaipokea.

Niliporudi nilikuwa bado na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Wewe ulikuwa umeenda posho mill kusaga mahindi. Mariam alikuwa anapiga pasi mlangoni kwake, hakuinua kichwa.

"Karibu, Mwalimu. Kendi ameolewa lini? Mimi sikula pilau."

Nilisimama na mkoba wangu mkononi. Nikamwambia, "Mariam, wacha nikueleze."

"Eleza. Pasi iko moto, lakini masikio yangu iko sawa."

Nikasema habari za umri wako, habari za mafundisho, habari za hatari. Akanyoosha shati la mtu, akaligeuza, akanyoosha na upande wa pili.

"Unaogopa mtoto?"

"Siogopi mtu."

"Basi ni wivu. Sema tu, Mwalimu. Mimi nilionea dada yangu wivu miaka mingi, sababu yeye alikuwa mrefu. Si ugonjwa ya kuficha."

Hapo ndipo nilipofanya kitu kibaya kuliko ile barua. Nilimwambia, "Wewe ni mpangaji hapa. Mambo ya nyumba yangu hayakuhusu. Mtoto ni wangu."

Akaweka pasi chini. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. "Ndio," alisema. "Ni wako. Ndio maana si mimi nitamwambia. Utamwambia wewe. Nangoja mpaka Jumapili."

Jumapili ikapita. Nyingine ikapita. Jumatatu yake akafunga zile nguo zake na pasi, akakuambia amepata kazi ya kupika kwenye shule moja huko Garbatulla. Ulimkumbatia shingoni ukamwita yumma, mama, kama ulivyomwita tangu utotoni, na mimi nilikuwa pale pale nimeshika mlango wa gari. Wiki nzima ulilia. Ukaniuliza, "Baba, mligombana?" Nikasema hapana, Mariam anatafuta maisha. Na nitakuambia lililo chini kabisa ya gunia: sehemu fulani ndani yangu ilisema, haya, sasa tumebaki wawili. Nilikuwa nimemwonea wivu na yeye. Nilijifunza lugha miaka kumi na zaidi ili nipendwe na watu nisiowaona, na yeye aliitumia kukulisha uji ukampenda bila kufanya bidii.

Sikugeuka kwa sababu ya mahubiri. Nilihubiri mwenyewe mara mbili miezi ile na sikusikia kitu. Niligeuka Jumamosi moja mchana ulipokuwa unafua. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikasikia watu wawili wanaongea Kiarabu uani. Nikafikiri Mariam amerudi. Nikachungulia. Ulikuwa peke yako na karai. Ulikuwa unauliza kwa sauti yako na kujibu kwa sauti ya Mariam, na kile kicheko chake cha puani, na yale makemeo yake. Mkaongea hivyo habari za bei ya sabuni. Halafu Mariam hakujibu. Ulikuwa umesahau neno. Ukabaki umeshika shati langu, maji yanadondoka miguuni mwako, midomo inalitafuta neno moja na hakuna mtu wa kumwuliza.

Mimi nilikuwa nalijua. Na sitakuficha, nilifurahi. Nilijiambia, sasa ataniita mimi. Nilisogea kabisa karibu na mlango ili ukiita nisichelewe. Nikangoja.

Hukuniita. Haikukujia hata kidogo kwamba ndani ya nyumba kuna mtu aliyeisoma lugha hiyo maisha yake yote. Ulitikisa kichwa, ukaliacha neno, ukasuuza shati.

Nilikaa kitandani. Nilielewa kwamba nimekunyang'anya kitu na mimi mwenyewe sikukipata. Siku hiyo hiyo, kabla giza halijaingia, nilimwandikia Bwana Yunus: Nilikudanganya. Binti yangu hajaolewa. Nilimwonea wivu. Kama nafasi bado ipo, ni yake. Alijibu baada ya wiki mbili, mstari mmoja: "Tutamwandikia yeye mwenyewe." Hakuandika Mpendwa Mwalimu. Nilistahili.

Na sasa la tatu, ambalo ndilo limenizuia kuja kanisani leo. Barua yao ilipokufikia ulikuja mbio kutoka barabarani umepoteza kiatu kimoja, ukanikumbatia mbele ya watu, ukasema, "Baba, ni wewe! Wewe ndiye umenitafutia!" Nami nikakupigapiga mgongoni nikasema, "Ni Mungu, mwanangu." Ukaona ni unyenyekevu. Tangu siku hiyo umeisema habari hiyo kwa kila mtu: kwa mama yako, kwa mchungaji, kwa Maalim Galgalo dukani. Nina hakika saa hii umesimama mbele ya kanisa unawaambia jinsi baba yako alivyokufungulia mlango. Kendi, mlango nilikuwa nimeufunga mimi na ufunguo nikautia mfukoni. Nisingeweza kukaa kwenye benchi na watu wananigeukia wakinitabasamia.

Wiki iliyopita nilikuambia naenda Garbatulla kutazama mbuzi. Nilipanda lori la mifugo, njia ikanikung'uta mpaka nikasahau hotuba niliyokuwa nimeitunga. Nilimkuta Mariam jikoni kwa shule, anasonga ugali wa watoto kwa mwiko mrefu kama jembe. Aliniona akaendelea kusonga.

"Mwalimu. Kendi hajambo?"

Hakuniuliza mimi hujambo. Nikamweleza kwamba nimeandika ukweli Uhispania, kwamba unaondoka, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa lile neno la mpangaji.

"Hilo nilikusamehe njiani siku nilikuja hapa," alisema. "Mbali sana hii njia, mtu anapata nafasi ya kusamehe wengi." Kisha akaniuliza, "Bado anaimba akiwa na hofu?"

Sikujua kwamba unaimba ukiwa na hofu. Nimekaa na wewe miaka ishirini na mbili. Nilidhani unaimba kwa sababu unapenda kuimba. Hata pale, nimekuja kutubu, nimesimama kwenye moshi wa jiko la watu, ule wivu uliniamkia tena kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Nikamwomba aje kukuaga. Akafunika sufuria. "Nitakuja. Lakini nikifika nitamwangalia uso. Kama hajui, mimi narudi na gari ile ile. Siwezi kumpa mkono na uongo katikati."

Kwa hiyo ukimwona kesho steji ya magari, ujue kwa nini anakukazia macho.

Sasa ungetaka nikupe neno la kwenda nalo. Nimeandika na kufuta hapa mara kadhaa. Nimeomba sana huu wivu uniondoke, na nakuambia ukweli, haujaniondoka. Juzi uliponisomea kile kipindi chako cha majaribio nilikukatiza mara saba kwa sarufi, na mara nne kati ya hizo wewe ndiye uliyekuwa sawa. Lakini nimejifunza jambo moja juu yake. Wivu hauji na sura yake. Huja na sababu nzuri. Kuna siku huko utakuwa umeshazoea, watu wanaijua sauti yako, na ataletwa msichana wa milimani ambaye Tamazight ni ya mama yake kabisa. Atafungua mdomo, na wale wanawake wanaokanda unga wataacha kukanda. Utahisi kitu tumboni. Kabla akili yako haijakutafutia sababu, siku hiyo hiyo, mpe kiti chako. Ukingoja mpaka kesho utakuwa na sababu, na itakuwa nzuri sana, na utaiamini.

Na Mama Idir mtafute. Nimepiga ile namba mara nyingi, haipatikani tena. Bwana Yunus huenda anajua aliko. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza miaka yote, usinifunike. Mwambie baba yako alizificha salamu zake.

Mwimbo umebadilika huko kanisani, naona mnamaliza. Barua hii sitaiacha mezani ukaikuta mimi nimelala. Nitakupa mkononi ukiingia, kungali na mwanga, na nitakaa hapa hapa barazani mpaka uisome yote, uniambie unalotaka kuniambia. Kama ni kelele, piga. Kama ni kunyamaza, nyamaza, nimekulea na ninajua kunyamaza kwako ni kuzito kuliko kelele za watu. Ukisema nisikusindikize kesho, sitakusindikiza.

Lakini ukiniruhusu nije, naomba jambo moja. Mjomba wako ameshasema atakubebea sanduku mpaka kwenye gari, na Mariam ninamjua, atalishika upande wa pili bila kuulizwa. Waambie waliache. Nataka kulibeba peke yangu.

Baba yako.